Kiatu Kisichonunuliwa kwa Kamba

Najua baadhi yenu mtashangaa kuona katekista wa Goma anawaandikia habari za viatu vya kuchezea. Kazi yangu ni kuwatayarisha watoto kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara, na vidole vyangu vimezoea chaki kuliko utepe wa satini. Lakini mwezi wa Agosti 2025 nilitumwa kazi moja ambayo miaka yangu ya seminari haikunifundisha. Niliifanya vibaya mwanzoni, na afadhali kidogo mwishoni, nami nimeona heri niwasimulie.

Dada yangu mkubwa (kwetu ndugu mkubwa huitwa Yaya, nami nitamwita hivyo) anakaa Nairobi, mtaa wa Kawangware. Aliondoka Goma mwisho wa mwaka 2012, baada ya vita vya Novemba, akiwa mja mzito. Binti yake alizaliwa kule mwaka uliofuata, akapewa jina la mama yetu marehemu. Ndiyo sababu mimi humwita Mama, ingawa ana miaka 12 tu, naye huniita Mjomba kwa sauti ya kuamuru, kama marehemu alivyokuwa akiniamuru. Yaya anauza vitenge. Baba wa mtoto yuko safarini tangu zamani, na habari zake si za kuandikwa hapa. Basi mjomba ndiye mimi, na kwetu mjomba hatazami mambo ya mpwa wake kutoka dirishani.

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni Yaya akanipigia simu, akasema, "Mdogo wangu, mtoto amekubaliwa viatu."

Nikauliza, "Vya shule?"

Akacheka sana. "Vya ncha," akasema. "Vya kusimamia ncha za vidole."

Lazima nieleze. Tangu ana miaka 8 mtoto huyu hujifunza mchezo uitwao baleti, mara mbili kila juma, katika darasa moja la watoto wa mtaani. Msidhani kwamba jambo hili ni geni sana Nairobi. Kibera, mwalimu Mike Wamaya aliwafundisha baleti watoto wa shule katika chumba ambacho madawati hutolewa nje kwanza ndipo watu wapate mahali pa kucheza. Picha zao, alizozipiga Msweden Fredrik Lerneryd, zilienea duniani kwenye mwaka 2017. Na kijana Joel Kioko, mtoto wa mtaa wa Kuwinda karibu na Karen, alianza katika masomo ya namna hiyo, hata akafika London kusoma katika shule ya English National Ballet. Basi mpwa wangu si wa kwanza wala hayuko peke yake.

Nami nakiri kwamba mwanzoni sikupenda. Nilisema, tuna ngoma zetu. Sisi Wakongo tunacheza hata mbele ya altare, na mwaka 1988 Roma ilitukubalia Misale yetu. Binti zetu wanasindikiza matoleo kwa kucheza, na mzee aliye nyuma kabisa kanisani anajua kwamba siku hiyo ni sikukuu. Kuna haja gani basi ya kutembea juu ya vidole kama kuku anayeogopa maji? Nilimwandikia Yaya maneno hayo hayo. Hakunijibu, ila alinitumia picha za simu. Nikamwona mtoto yuko kanisani, anacheza na wenzake wa Utoto Mtakatifu wakati wa matoleo. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, mikono imetulia, macho hayamtafuti mtu. Nikaona kwamba masomo yale hayakumnyang'anya kitu. Nikanyamaza.

Turudi kwenye simu ya Juni. Niliposikia habari ya viatu nilimwambia Yaya kwa furaha, "Mpime mtoto mguu kwa kamba, unitumie kamba hiyo na mtu wa basi. Nitatafuta hapa Birere; viatu vya Ulaya vinafika vya kila namna."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mzazi anayekwenda sokoni hukata kamba au kijiti kulingana na unyayo wa mtoto, akakitia mfukoni, na sokoni akakitumbukiza ndani ya kiatu. Kisha huongeza vidole viwili. Vidole hivyo viwili ni mwaka ujao. Sijamwona mzazi wa Goma anayenunua kiatu cha mwaka huu tu, maana fedha ni chache na mguu wa mtoto hausubiri mshahara. Hata siku ya Komunyo ya kwanza mimi huwasikia watoto wangu kabla sijawaona, kwa jinsi viatu vinavyopiga sakafuni, kwa, kwa, kwa, na mbele vimejaa karatasi.

Yaya akasema, "Kiatu hiki hakinunuliwi kwa kamba. Mguu wenyewe huenda. Na mimi Jumamosi siwezi kuacha biashara. Njoo wewe."

Nikaanza kuuliza habari za kiatu hicho, na katika kuuliza nikajifunza mambo. Mwaka 1832, huko Paris, binti mmoja jina lake Marie Taglioni alicheza mchezo uitwao La Sylphide akipanda juu ya ncha za vidole vyake, na watu wakastaajabu. Yeye alivaa viatu laini tu vya satini, vilivyotiwa nyuzi mbele kwa sindano ili visichanike. Nguvu yote ilikuwa ya mguu. Baadaye mafundi wakavitengeneza vigumu. Mbele, mahali pa vidole, pana kama kikombe. Ukikigonga mezani kinalia kama ubao. Mimi nilidhani ni mti. Kumbe ni nguo na karatasi zilizopakwa gundi, tabaka juu ya tabaka, zikakaushwa. Chini ya unyayo mna bamba la ngozi au la kadibodi ngumu. Tena havina cha kulia wala cha kushoto. Vyote viwili hutoka kwa fundi vikiwa sawasawa, na miguu ndiyo inayovifundisha kazi.

Lakini jambo lililonisumbua ni hili: viatu hivi hufa. Jasho na uzito hulegeza gundi, na kikombe kikishalegea, kiatu hakifai tena hata kama satini inang'aa. Mcheza mkubwa wa Ulaya aweza kumaliza jozi moja katika usiku mmoja. Mtoto anayeanza, anayevivaa dakika chache tu mwisho wa somo, hukaa navyo miezi kadhaa. Na mguu ukikua kabla ya hapo, ndio mwisho. Bei yake ni dola 80, 90, hata 100 na zaidi.

Sasa fikirini mwaka wenyewe. Januari 2025 mji wetu uliingia mikononi mwa M23, na benki zikafungwa. Mshahara wa mtu, hata aliye nao, ulikuwa mbali. Watu waliuza meza zao wapate unga. Mimi nilikuwa na dola 50 nilizoziweka katika kopo kwa ajili ya mabati, kwa kuwa nyumba yangu ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, ilikuwa ikivuja upande wa kitanda. Shangazi yetu mmoja akatoa 20. Yaya mwenyewe alikuwa na 30. Jumla 100.

Jirani yangu, mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, alisikia habari hizi akaja jioni. Akasema, "Katekista, sikuja kukuhukumu. Lakini dola 100 ni karo ya mtoto. Wewe utazinunulia viatu vya kufa baada ya miezi mitatu, vya mtoto ambaye hata hajui kama atakuwa mchezaji?" Sikuwa na jibu zuri. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na hata leo nasema ni ya kweli. Nilimwambia tu, "Ndugu, kaa, nikusimulie habari ya kiatu kimoja."

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka 12, sawa na mpwa wangu. Mlima wa Nyiragongo ulipasuka, na mawe ya moto yakashuka yakapita katikati ya mji hadi ziwani, yakala nyumba na maduka na hata kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Tulikimbilia Gisenyi pamoja na watu wasiohesabika. Miguuni nilikuwa na viatu vyeusi alivyoninunulia baba kwa Noeli. Baba alikuwa mtu wa kuona mbali. Hakuongeza vidole viwili, aliongeza vitatu. Karibu na mpaka, katika msongamano, kiatu cha kushoto kikanitoka. Niligeuka nikiokote, mama akanivuta mkono hata bega likalia. Nikaingia Rwanda na kiatu kimoja. Usiku ule mama alipasua kipande cha kitenge chake, akanifunga mguu uliochubuka, wala hakusema neno. Na baba alikitunza kile kiatu cha kulia chini ya kitanda miaka mingi, kana kwamba mwenzake alikuwa safarini na angerudi.

Jirani alisikiliza. Akasema, "Lakini hicho kilikuwa kiatu cha kutembelea." Nikasema ndiyo. Tukanywa chai.

Kabla sijaondoka, Yaya alinisomea katika simu maagizo ya mwalimu wa mtoto. Mwalimu huyo ni mama mmoja Mkenya, mpole na mkavu wa maneno. Alisema kucha za mtoto zikatwe siku chache kabla, si asubuhi ile ile, zikatwe moja kwa moja bila kuingia pembeni wala kufika kwenye nyama. Mtoto asivae viatu vya kubana juma lile, asije akawa na lengelenge akashindwa kujua maumivu ya kiatu na maumivu ya kidonda. Aje na soksi ndefu nyembamba anazochezea. Aje ameshiba, na asubuhi awe ametembea kidogo. Na mwisho akasema, "Msimwahidi mtoto kwamba atarudi na viatu."

Neno hili la mwisho lilinipiga. Mimi watoto wangu nawaahidi kila siku. Nawaambia, jifunze sala hii, Pasaka utapokea. Jifunze na hii, askofu atakuja. Maisha yangu yote na watoto ni habari ya kesho.

Mwalimu huyo alikuwa na sababu yake. Mwaka 2024 mpwa wangu aliomba viatu, akaambiwa asimame kwa mguu mmoja na kupanda juu ya vidole mara nyingi bila kushika kitu. Kifundo cha mguu kikatetemeka. Akaambiwa, bado. Walimu wa kazi hii wenye busara hawamwachii mtoto viatu hivi kabla ya miaka kama 12, na miaka peke yake haitoshi. Hutaka awe amejifunza miaka kadhaa, na tumbo na mgongo na vifundo viwe na nguvu. Mifupa ya mguu wa mtoto haijakomaa. Hukomaa polepole hata ujanani. Mtoto alilia siku mbili. Kisha, mwaka mzima, kila jioni alishika mlango wa jikoni akapanda na kushuka, kupanda na kushuka, huku mama yake akipika. Yaya alisema mlango ule umelegea bawaba.

Nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda basi Gisenyi, nikapita Kigali na Kampala. Safari ya siku mbili, nayo haina la kusimulia ila magoti yangu. Ijumaa jioni nikafika. Mtoto akanicheka kwa Kiswahili changu, maana mimi husema "mutoto" na yeye husema maneno ya Nairobi ambayo hata katekisimu haiwezi kuyafafanua. Kucha zilikuwa zimekatwa Jumanne. Alinionyesha miguu yake yote miwili kwa fahari, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari safi. Mimi niliitazama upesi tu, nikasema, "Vizuri, Mama." Mfukoni nilikuwa na kamba. Nilikuwa nimeikata Goma kwa kukisia, na sikumwambia mtu.

Jumamosi tulipanda matatu mbili. Chumba kilikuwa na sakafu ya mbao, kioo kikubwa, na ufito wa kushika ukutani. Mwalimu alikuwa na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na viatu vilivyotolewa bure na watu wa ng'ambo, vingine vipya, vingine vimevaliwa mara moja au mbili. La pili lilikuwa na vipya vya kulipia. Alinieleza waziwazi: kikipatikana cha bure kinachofaa, vema, kisipopatikana, mzazi atachangia anavyoweza, na cha mtoto huyu kingekuwa dola 85. Nikaomba kimoyomoyo kwamba sanduku la kwanza litoshe. Nadhani hata ninyi mngeomba.

Lakini hakulifungua sanduku. Aliketi kwenye kigoda, akamwita mtoto, akauchukua mguu wa kulia mikononi mwake. Akakaa nao kimya muda mrefu. Akaubonyeza, akaukunja, akaangalia upana wake na kina chake na jinsi vidole vinavyoteremka. Akauliza, "Mjomba, umeona? Kidole cha pili kinakizidi kidole gumba." Nikainama kutazama. Ni kweli. Na kidole kidogo kimelala kidogo juu ya mwenzake. Wasomaji, huo ulikuwa mguu wa mama yetu. Nilimwosha miguu katika ugonjwa wake wa mwisho, niliujua mguu ule kuliko uso wangu. Miaka 12 nimemwita mtoto huyu Mama, nikifikiri ni jina tu. Jana yake amenionyesha miguu yake, nami nimesema "vizuri" bila kuitazama.

Mwalimu alileta jozi ya kwanza kutoka sanduku la bure. Satini yake ilikuwa nzuri, imevaliwa kidogo sana. Mtoto akaingiza mguu, ukaingia kwa raha. Nyuma palibaki nafasi. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, "Mwalimu, hicho kimemtosha kabisa. Tena kina nafasi, atakua."

Akaniangalia kwa huruma. "Nafasi hiyo ndiyo itakayomwumiza," akasema. Akamwambia mtoto ashike ufito na apande polepole. Nikaona mwenyewe: mguu ukazama ndani ya kiatu kama ndoo kisimani, uzito wote ukaangukia vidole, na kisigino kikajaa mikunjo ya nguo. Akamshusha mara moja. Akasema kiatu hiki hakikingi mguu kwa ugumu wake, bali kwa kuukumbatia kila upande. Penye uwazi, mguu huteleza, kucha husagwa, kifundo huyumba. "Viatu vingine mnunulie vya kukua," akasema. "Hiki ni cha mguu wa leo."

Jozi ya pili, ya bure pia, ilikuwa nyembamba. Mtoto akaivaa, akasimama, akatabasamu. Mwalimu akauliza, "Inaumiza?" Akasema, "Hapana, Mwalimu." "Pembeni?" "Hapana." "Kunja magoti." Akakunja. "Haiumizi?" "Haiumizi hata kidogo."

Mwalimu hakubishana naye. Alinigeukia mimi akasema, "Mjomba, mwulize wewe."

Sikutazamia jambo hilo. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ili macho yetu yalingane, nikamwuliza kwa Kiswahili cha nyumbani. Akatazama sanduku la pili. Kisha akanong'ona, "Mjomba, hivi ni vya bure."

Alikuwa amesikia yote. Alisikia habari za kopo langu, na mabati, na shangazi. Watoto husikia katika nyumba ya chumba kimoja. Nikamwambia, "Mama, mimi sikukuuliza bei. Nimekuuliza mguu." Machozi yakamtoka, akasema, "Vinanichoma hapa, na hapa." Mwalimu alivivua mwenyewe. Kando ya kidole kidogo palikuwa na alama nyekundu kama kovu la moto.

Nimewasikiliza watoto wengi wakikariri kwamba kusema uongo ni dhambi. Mtoto huyu alidanganya juu ya maumivu yake mwenyewe ili asitugharimu, nami ndiye niliyekuwa nimemfundisha hesabu hiyo, bila kujua, kwa kila simu niliyopiga kuuliza bei.

Jozi ya tatu ilitoka sanduku la pili. Mwalimu aliweka sufi kidogo mbele, akamvisha, akamwambia akunje magoti, maana hapo mguu hurefuka; vidole viguse mwisho bila kujikunja. Vikagusa. Akamwambia asimame wima: viwe vimelala bapa. Akamwambia ashike ufito kwa mikono miwili, apande. Mtoto akapanda. Mwalimu akafinya nguo ya kisigino, pakainuka mkunjo mdogo kama ngozi ya kiwiko, akasema, "Ndivyo inavyotakiwa." Akamwuliza kama inaumiza. Mtoto akafikiri kwanza. "Inabana kila mahali sawasawa," akasema. "Haichomi mahali pamoja." Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hilo ndilo jibu alilokuwa akilingoja.

Rangi yake ilikuwa ya waridi, iliyokusudiwa kufanana na ngozi ya Wazungu. Nikauliza kama hakuna za rangi yetu. Mwalimu akasema zipo siku hizi; mwaka 2018 kiwanda cha Freed of London, pamoja na kikundi cha Ballet Black, kilitoa viatu vya rangi ya kahawia. Kabla ya hapo wachezaji weusi walipaka viatu vyao poda kwa mikono, na wengi bado hufanya hivyo, maana si kila duka lina za kahawia za kila mguu. Tangu miaka ya sabini wachezaji wa Dance Theatre of Harlem, kule New York, wamekuwa wakivitia viatu rangi ya ngozi ya kila mmoja. Mtoto akasema atapaka. Nikahesabu dola 85. Mkono wangu haukutetemeka sana.

Usiku ule tulishona tepe, maana kiatu hiki huuzwa bila kushonwa. Yaya alikuwa amechoka, na seminari angalau ilinifundisha kushona vifungo. Kisigino hukunjwa kuelekea ndani, na pale upande unapojikunja ndipo utepe hukaa. Ukingoni mna kikamba chembamba cha kukazia. Sindano ikikitoboa, hakikazi tena. Mtoto alinisimamia kama karani wa mipaka, akiniambia, "Mjomba, umetoboa," na mara mbili nilifumua. Ncha za tepe tulizipitisha juu ya mshumaa zisifumuke. Alikatazwa kuvivaa nyumbani, mpaka darasani mbele ya mwalimu, basi vikatundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, na akalala akivitazama.

Dola 15 zilizobaki Yaya alizirudisha katika mkono wangu kwa nguvu. Zilitosha bati moja, na mvua za Septemba zilinikuta na beseni karibu na kitanda kama mwaka uliotangulia. Jirani yangu aliliona beseni akatikisa kichwa, nami nikatikisa changu.

Jumatatu alfajiri nilipokuwa nafunga mzigo, ile kamba ikaanguka kutoka mfukoni. Mtoto akaiokota. "Ya nini, Mjomba?" Nikaona haya, nikamwambia. Akaipima kwenye mguu wake. Ilizidi vidole vitatu. Akacheka hata akamwamsha mama yake. Kisha akasema, "Lete mguu wako."

Viatu vyangu nilipewa na padri mmoja aliyehamishwa, mtu mrefu kuliko mimi. Nilimwambia kwamba basi linaondoka. Akasema lina saa nzima, na nivue. Nikaketi kitandani, nikavua, nikatoa gazeti lililokunjwa mbele, na yeye akapiga magoti na ile kamba, akaanza kupima kutoka kisigino.